Bamba la Nne

Kwa nini bamba la nne lilitoka ziwani bila chokaa? Swali hilo lilinijia nikiwa nimechuchumaa kwenye gati la Kalundu, maji yakinichuruzika viwikoni, katika mwaka ambao vita vilikuwa vimewafundisha watu wa Uvira kuuliza machache. Kitu chochote kikikaa ndani ya Ziwa Tanganyika hutoka na utando mweupe mgumu, kama ule unaoota ndani ya birika la chai. Mawe ya ufukweni yanao, nanga zinao, hata chupa zilizotupwa zinao. Mabamba matatu tuliyoyatundika pamoja na lile yalikuwa nao. La nne, lililopakwa rangi yetu, lilikuwa safi mbele na nyuma. Nilimwuliza Profesa Deo, aliyekuwa amelishika kwa mikono miwili na hataki kuliweka chini, naye akaniambia kwamba rangi nzuri hukataa chokaa kama inavyokataa kutu. Nilijua jibu hilo halitoshi. 

Mwezi uliopita mtu nisiyemjua alinipigia simu kutoka ng'ambo. Alikuwa amefanya kazi na Prof kwa miaka mingi, akaniambia kwamba Prof amefariki, na kwamba wanakusanya maneno ya waliomfahamu ili yasomwe kwenye mazishi. Mimi, alisema, ndiye niliyekuwa naye mwanzoni. Nilimjibu kwa adabu kwamba nitafikiria, kisha nikakaa jikoni kwangu nikisikiliza friji ikinguruma. Maneno nilikuwa nayo, tena mengi, lakini hayakuwa ya kusomwa mbele ya mjane. Miaka yote niliyofundisha kemia sikulitaja jina lake darasani hata mara moja, ingawa nusu ya ninachokifundisha nilikipata kwake, katika banda lenye joto, nikiwa na mikono iliyojaa tope.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo na hapakuwa na mahali pa kwenda. Taasisi niliyosomea ilikuwa imefungwa, barabara ya Bukavu ilikuwa na bariera za askari nyingi kuliko vijiji, na mimi nilikuwa nimepanga nusu ya chumba kwa Mama Riziki, katika mtaa wa Nyamianda. Nasema nusu kwa sababu nusu ya pili ilikaliwa na sahani. Mama Riziki alikuwa akikodisha vyombo vya sherehe: masufuria makubwa, mabakuli, na sahani nyeupe za chuma zenye ukingo wa buluu, zilizopangwa ndani ya masanduku ya mbao hadi karibu na dari. Kabla ya vita vilikuwa vyombo vya arusi. Mwaka ule vilitoka kwa ajili ya matanga, vikarudi, vikaoshwa kwa majivu na sabuni, vikaondoka kwenda msiba mwingine kabla havijakauka vizuri. Nililala nikinusa majivu. Mchana yeye alikaa bandarini Kalundu, karibu na gati, akiuza chai na ndagala za kukaanga, yaani dagaa, na jioni tulikula zile zilizobaki, pamoja na bugali na mboga za lengalenga, sahani zikitutazama kutoka kwenye masanduku yao.

Chini ya kila sahani paliwekwa tone la rangi ili ijulikane ni ya nani, maana msibani vyombo vya nyumba nyingi huchanganyika. Siku moja jirani alirudisha vyombo alivyokodi, na katikati yake palikuwa na sahani moja isiyo na tone. Hakusema kitu. Mama Riziki naye hakusema kitu. Aliigeuza, akaniomba kijiti cha rangi, akaweka tone lake, akaitia sandukuni.

"Lakini ile si sahani yako," nikasema jirani alipokwisha kuondoka.

"Iko yangu sasa."

"Na ile ya kwanza?"

"Ilipotea. Kwenye kilio batu banalia, sahani inapotea. Analeta ya sura moja, maneno imeisha. Ulitaka aniletee machozi?"

"Angalau angesema."

"Aseme nini? Weye Mapendo, bugali ikipoa unauliza kwa nini imepoa. Ule wali utajua kama sahani ya kwanza ilipotea?"

Nilicheka, ingawa sikukubali. Nilikuwa na umri wa kubishana na kila kitu: na padri juu ya mahubiri, na radio juu ya habari, na Mama Riziki juu ya kiasi cha chumvi. Ndiyo sababu nilimpenda Prof Deo. Alikuwa mwalimu wa kwanza aliyefurahi nilipombishia. Alikuwa amerudi kutoka masomoni Ulaya muda mfupi kabla ya vita, akanifundisha mwaka wangu wa mwisho, na taasisi ilipofungwa alinitafuta akaniambia kwamba ana kazi isiyohitaji umeme wala ruhusa ya mtu. Alikuwa mwembamba, anavaa suruali ileile ya kaki kila siku, na alikuwa na tabia ya kunusa vitu kabla ya kuvizungumzia. "Niulize," angesema, akinusa beseni la tope. "Ukiacha kuniuliza nitaanza kujidanganya."

Kazi yenyewe ilikuwa rangi. Papa Shabani, mfanyabiashara Mwislamu ambaye babu zake walifika Uvira wakifuata biashara ya ziwa, alikuwa na meli ndogo ya chuma iliyovuka kwenda Kigoma na kurudi na unga, sabuni na chumvi. Mara nyingi ilivusha pia watu waliokuwa wanakimbia. Meli hiyo ilikuwa inaliwa na kutu, na rangi ya kuikinga haikuwa ikifika tena kwetu kutoka upande wowote. Papa Shabani alitupa banda lake la Kalundu na neno moja la wazi: tukimpa rangi itakayoshika, atatuvusha bure siku tutakayotaka, sisi wawili. Prof aliniahidi la pili. Ng'ambo ile kulikuwa na maabara ambako angepokewa akiwa na kitu mkononi, na kazi itakapochapishwa jina langu litakaa kando ya lake. "Tutavuka wawili," alisema, tena mbele ya Mama Riziki, akiwa na ndagala mdomoni.

Udongo tuliuleta kwa magunia kutoka Runingu, kule kwenye tambarare ya Ruzizi, udongo wa kijivu ambao wanawake huko huufinyangia vyungu. Tuliukoroga ndani ya beseni, tukaacha mchanga ushuke, tukamimina yale maji ya ukungu katika beseni jingine, tukaacha tena, tukamimina tena, mpaka kilichobaki kilikuwa chembamba hata vidole havikuhisi kitu. Siku hizi vitu vya namna hiyo vina jina, watu wanasema nano, na makongamano hufanyika hotelini. Sisi tuliuita unga wa mwisho. Prof alinichorea ukutani kwa mkaa jinsi ulivyo ndani: majani juu ya majani, maelfu yakipangwa pamoja hayafikii unene wa unywele. Katikati ya majani hayo tulitaka kuingiza zinki, na zinki tuliipata kwenye betri za radio zilizokufa. Uvira nzima ilikuwa ikisikiliza radio mwaka ule, betri zilikuwa zimetapakaa kila jalala. Nilizipasua, nikatoa vikombe vyake, tukaviyeyusha kwa asidi iliyobaki katika maabara ya taasisi, tukaulowesha unga humo, tukauosha, tukaukausha, tukausaga na kuuchanganya na vanishi ya seremala wa misheni. "Udongo umebeba zinki mfukoni," Prof alisema. "Maji yakipenya, unaitoa kidogo kidogo, na chuma kinapona. Majani nayo yanayapoteza maji njia." Nilimwuliza atajuaje kwamba zinki imeingia mfukoni na haikubaki nje. Alinusa, akacheka, akasema ziwa litatuambia.

Tulikata mabamba kutoka kwenye pipa, tukayanyoosha kwa nyundo na kuyatoboa alama kwa msumari: tundu moja kwa bamba tupu, mawili kwa lililopakwa vanishi peke yake, matatu kwa lililopakwa rangi nyekundu ya zamani iliyobaki katika kopo la Papa Shabani, manne kwa letu. Juu ya kila moja tulikwaruza msalaba hadi kwenye chuma, kwa sababu rangi yoyote hukinga ikiwa nzima. Inayofaa ni ile inayokinga ikishajeruhiwa. Tulitengeneza mawili mawili. Moja la kwenda majini, pacha wake wa kukaa mkavu kwa ajili ya kulinganisha. Ya majini tuliyafunga kwa kamba kwenye nguzo ya gati. Yale makavu hayakuweza kukaa bandani, askari wa bandari walikuwa wanachukua kila chuma, kwa hiyo niliyapeleka Nyamianda na Mama Riziki akayatia ndani ya sanduku, katikati ya sahani zake. Na kwa kuwa alishinda karibu na gati, Prof alimwomba atuchungie kamba.

"Minye mulinzi wa bintu ya kutundika ndani ya maji," aliwaambia wanawake wenzake waliokuwa wakikaanga, akijigonga kifua. "Banaanika samaki juu, hawa banaanika chuma chini."

"Itaiva lini?" mmoja akauliza.

"Ikishaiva tutakula na pilipili."

Mabamba yakakaa majini msimu wote wa mvua. Nilizoea kupita gatini na kuziangalia zile kamba nne bila kuzigusa. Nilikuwa nikifikiria maabara yenye madirisha makubwa. Watu walikuwa wakifika mjini kutoka milima ya Lemera wakiwa na godoro kichwani, na mimi, sijui ni ujana au ni nini, nilikuwa nikiwapita huku nikiwaza kutu.

Tuliyatoa Jumatano asubuhi. Papa Shabani alikuja na kanzu yake safi, na askari wawili wakasogea kutazama. Bamba tupu lilikuwa limeliwa. La pili lilikuwa na malengelenge, la tatu lilikuwa na mkondo wa kutu kutoka msalabani kama damu iliyokauka. La nne lilikuwa kama lilivyotoka mikononi mwangu, msalaba wake unang'aa. Papa Shabani alisema alhamdulilahi kwa sauti ya chini. Hapo ndipo nilipouliza juu ya chokaa, na Prof akanijibu lile jibu lake, na mara ya kwanza tangu nimjue hakunitazama wakati wa kujibu. Nikasema twende Nyamianda tulilinganishe na pacha wake. "Baadaye," akasema. "Mapendo, kwa leo acha."

Baadaye haikufika. Kamanda wa bandari aliitaka meli ianze kutembea, na Papa Shabani naye hakuweza kungoja. Tulisaga unga wote uliobaki. Nilisema chuma kinatakiwa kukwanguliwa chote na kukauka. Tukapewa muda wa kukwangua nusu yake, na mvua ilinyesha kabla hatujamaliza. Meli ilipopakwa ilipendeza, kijivu kilichotulia, na watu walikuja kuitazama. Siku ilipovuka safari yake ya kwanza nilikuwa nimekwenda Runingu kutafuta udongo zaidi kwa upako wa pili, kwa maagizo ya Prof. Niliporudi nilipita bombani kuchota maji, na wanawake waliokuwa mbele yangu hawakujua kwamba nimefika.

"Ule mwalimu wa udongo alishavuka," mmoja alisema.

"Na yule binti?"

"Binti amebakia na beseni."

Walicheka, si kwa ubaya. Mmoja aligeuka akaniona, akanipisha kwenye foleni, na kupishwa kule kuliniuma kuliko kicheko. Bandani hapakuwa na bamba la nne. Hapakuwa na ujumbe. Mama Riziki alinipakulia chakula, akaniambia Prof alipita asubuhi, alikula amesimama, alisema atatuma habari. Koti lake lilikuwa limefunga kitu bapa. Baada ya miezi mingi nilisikia kwamba amepokewa vizuri kule alikokwenda, na kwamba kazi imechapishwa. Jina lilikuwa moja.

Lakini hilo peke yake ningelizoea. Rangi ndiyo iliyonimaliza. Kabla ya mwaka kwisha ilianza kubabuka mashavuni mwa meli, vipande vipana kama maganda ya vitunguu, na chini yake kutu ilikuwa imefanya kazi yake kimya kimya. Katikati ya ziwa maji yakaingia upande wa nyuma. Walikuwamo watu, walikuwamo wanawake wenye watoto mgongoni, na Papa Shabani mwenyewe. Walikumba maji kwa masufuria mpaka nchi kavu. Hakuna aliyekufa. Unga wote wa kula uliopakiwa uligeuka tope. Papa Shabani alikuja Nyamianda, akaketi kwenye kiti karibu na masanduku, na chai aliyowekewa hakuigusa.

"Binti yangu," alisema, "minye sina masomo. Mlinionyesha chuma, nikaona kwa macho yangu. Nilivusha batu juu ya kile nilichoona."

"Na mimi niliona, Papa."

"Sasa tuliona nini?"

 Alipoondoka nililivuta lile sanduku, nikatoa sahani moja moja. Katikati yake nilikuta mabamba makavu matatu. Tundu moja, mawili, matatu. La nne halikuwapo. Nakumbuka nilivyokaa sakafuni, sahani zimenizunguka, na jinsi chokaa ile isiyokuwapo ilivyopata maana kwa mara moja. Lile tulilolitoa Jumatano halikuwa limekaa ziwani. Lilikuwa pacha mkavu. Mtu alilitundika mahali pa letu ili tulione zuri, na mtu mwenye sababu ya kutaka lionekane zuri alikuwa mmoja, na alikwisha kuvuka nalo. Nilimwuliza Mama Riziki kama Prof aliwahi kuingia chumbani wakati mimi sipo.

"Prof iko muntu wa nyumba," alisema, akiwa anapepeta mchele. "Anaingiaka."

Nikaona nimepata jibu. Kesho yake nilikwenda kwa Papa Shabani nikamwambia kwamba tulidanganywa sote wawili, na aliyetudanganya ni nani. Neno hilo lilitembea mjini lenyewe, halikunihitaji tena. Papa Shabani aliiuza meli ile kwa watu waliotaka vyuma vyake. Mimi nilipata kazi ya kufundisha baada ya vita, kwanza Uvira, halafu mbali, na kila nilipopita Nyamianda nilikula kwa Mama Riziki, katika chumba kilekile. Jina la Prof halikutajwa humo. Yeye aliona ninaumia, nami niliona ananihurumia, na tuliongea habari nyingine.

Prof alinitafuta mara moja. Ilikuwa miaka mingi imepita, namba ilikuwa ya nje, na sauti yake ilikuwa imezeeka kuliko nilivyotarajia. Hakuomba msamaha. Aliniambia kwamba ana swali. "Lile bamba, Mapendo. Uliongeza nini? Udongo nimetafuta unaofanana, zinki ileile, hata vanishi mbaya nimejaribu. Halirudi. Nimelijaribu karibu maisha yangu yote ya kazi. Kama kuna kitu uliweka na hukuniambia, niambie sasa, sitakulaumu." Niliona anacheza na mimi, au kuna mtu kando yake anayesikiliza na yeye anajitengenezea ushahidi. Nikamwambia aulize ziwa, nikakata simu. Nilijivunia jibu hilo kwa muda mrefu.

Baada ya simu ya mwezi uliopita nilikwenda Uvira. Sikuwa na shughuli huko. Nilitaka kuwa mahali ambapo naruhusiwa kutohuzunika. Mama Riziki siku hizi anasikia kwa sikio moja, na wajukuu ndio wanaopakia vyombo, ila kuosha bado anaosha mwenyewe. Nilimkuta uani, majivu hadi viwikoni, rundo la sahani pembeni yake. Nilichukua kitambaa nikaanza kukausha.

"Prof Deo amekufa," nikasema.

"Yule wa udongo? Mungu amupokee. Alikuwa anapenda ndagala yangu."

"Alitudanganya, Mama."

"Alidanganya nini? Si alikuacha tu?"

Nikamweleza, kwa sauti kubwa kwa ajili ya sikio lake, yale ambayo nilidhani anayajua siku zote: kwamba Prof aliingia chumbani, akachukua lile bamba kavu kwenye sanduku, akalitundika gatini badala ya letu. Mama Riziki aliacha kusugua. Alinitazama kama ninavyotazama mwanafunzi aliyeandika jambo la ajabu kwa mwandiko mzuri.

"Minye njo nililitundikaka," alisema.

"Wewe ndiye uliyelitundika?"

"Bato, ile chombo ya baaskari, ilikuja vibaya, ikapiga nguzo, ile kamba moja ikakatika. Kintu yenu ikaenda chini, kule ziwa iko murefu, nani atazamia? Na minye njo nilikuwa mulinzi. Nikakuja nyumbani, nikafungua sanduku, nikapata ya sura moja. Matundu yake ine, rangi ileile. Nikairudisha pahali pake. Sasa iko nini?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niseme nini?" Aliuliza kweli, akiwa na sahani mkononi, akingoja nimwambie.

Nilikausha sahani kadhaa bila kuziona. Bamba lenyewe liko chini ya Kalundu, limefunikwa chokaa, na iwapo kutu ilipita msalabani au haikupita hakuna mtu aliyeliona wala atakayeliona. Prof aliniibia nafasi yangu na jina langu, hilo halibadiliki. Alivuka juu ya meli ileile tuliyoipaka, amelikumbatia bamba ambalo aliliamini. Nilimwuliza Mama Riziki kama anakumbuka ni lini alilitundika lile la pili, maana msimu ule ulikuwa mrefu. Alikumbuka vizuri, kwa sababu siku hiyo vyombo vilikuwa vimerudi kutoka msiba mkubwa. Alilitundika Jumatatu jioni, baada ya kuliosha kwa majivu na sabuni. Sisi tulilitoa Jumatano ya juma hilohilo. Lilikuwa limelala ziwani usiku mbili tu.